Soksi ya Marehemu

Lyle Pruett alijipatia riziki kwa kufa. Alikufa baa, alikufa korongoni, alikufa kwenye ngazi za benki akiwa ameukumbatia mfuko wa noti za bandia, na jioni alirudi nyumbani kwake Reseda akamkuta mkewe, Nadine, ameshaweka viazi mezani. Majirani walijua anafanya kazi kwenye picha za sinema, kama mtu mwingine anavyofanya kazi kwenye reli, wala hawakuuliza zaidi. Yeye mwenyewe hakutaka waulize.

Maana picha za kauboi za televisheni zilikuwa na sheria yake, ingawa hakuna aliyewahi kuiandika: mwigizaji akishauawa kipindi hiki, kipindi kijacho hafufuki, isipokuwa kama hakuna aliyemwona vizuri. Enzi hizo kila kituo cha televisheni kilikuwa na sherifu wake, yule mlinzi wa sheria wa mji, na kila sherifu alihitaji watu wa kuua. Bi. Maxine Fogel, aliyegawa kazi hizo kwa simu huku sigara ikimning'inia mdomoni, alimpenda Lyle kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa na sura.

"Uso wako ni maji matupu, Lyle," alimwambia walipofahamiana. "Usije ukautia sukari."

Lyle aliishika kauli ile kama wosia. Alipopigwa risasi alianguka upesi, kwa adabu, kofia ikimfunika macho. Hakutapatapa, hakung'ang'ania nguzo, hakumkodolea macho aliyemuua. Damu haikuruhusiwa, kwa kuwa saa hizo watoto walitazama huku wanakula. Mfu mzuri, kwa imani yake, alikuwa yule anayesahaulika kabla tangazo la sabuni halijaisha.

Ndipo akaja Abe Kessler. Kessler alikuwa mwongozaji aliyetokea kwenye majukwaa ya New York, mtu wa miwani mizito aliyewasoma Wayunani na ambaye, kwa dhambi isiyojulikana, alipewa kipindi kimoja cha kauboi akiongoze. Asubuhi ya kazi, kwenye shamba la kupigia picha juu vilimani Chatsworth, aliwagawia watu karatasi mpya za mchezo ambazo wino wake ulikuwa bado unanuka. Lyle alizisoma amesimama kando ya zizi.

Kawaida jambazi hupigwa risasi, huanguka, na sherifu husema sentensi nzuri. Kessler alikuwa ameifuta sentensi nzuri. Sasa jambazi, akiwa chali barabarani, alipaswa kumwomba sherifu amvue buti, kwa sababu alimwahidi mama yake kwamba hatakufa nazo miguuni. Na kamera ingekaa usoni pake muda wote.

Alikimbilia simu ya zizini. Bi. Fogel alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba watu wanauza nyumba zao ili wapigwe picha ya uso, na yeye analia.

"Mpe mtu mwingine, Maxine. Nakuomba."

"Nimekupa wewe. Nenda ukafe, bwana."

Aliporudisha simu mahali pake ndipo alipokumbuka jambo la pili, na hilo likalifukuza la kwanza. Soksi yake ya mguu wa kushoto ilikuwa imetoboka. Halikuwa tundu la kuonea haya kidogo. Kidole gumba chote kilikuwa nje. Aliivaa kulipopambazuka bila kufikiri, kwani katika vifo vyake vyote hakuna aliyewahi kumwulizia miguu. Alikwenda kwa mama wa mavazi, ambaye alikuwa na kofia za kila cheo na mikanda ya bastola ya kutosha jeshi. Soksi hakuwa nazo. Nani anaonaga soksi, alimwuliza, akarudi kwenye kofia zake.

Walipofanya mazoezi, aliona kwamba Wade Tolliver, aliyecheza sherifu, anaushika mguu wa kushoto. Tolliver alikuwa staa, na kama mastaa wengine alikuwa na upande wake mzuri wa uso, ambao ndio uliopanga mambo mengine yote, hata mahali pa kuegesha farasi. Lyle akashukuru Mungu. Wakati wengine wanakunywa kahawa alijificha nyuma ya ghala, akavua buti, akahamishia soksi mbovu mguu wa kulia. Kwa muda mfupi sana alikuwa mtu mwenye amani.

Kisha jua likasogea. Kivuli cha baa kiliangukia barabara, Kessler akaamuru kamera ihamishiwe upande wa pili, na Tolliver, bila kuambiwa, naye akahama ili upande wake mzuri usipotee. Lyle alikuwa ameshalala chali, vumbi masikioni, alipouona mkono wa sherifu ukienda mguu wa kulia. Kamera ilikuwa imeshaanza kupiga. Ilibidi aseme maneno yake.

"Nivue hizi buti, sherifu," alisema. "Nilimwahidi mama."

Aliyasema kwa hofu kubwa ya kweli, na hofu ya mtu anayeficha kidole na ya mtu anayekata roho, kumbe kwa mbali zinafanana. Buti lilikwama kwa joto. Tolliver alivuta, akavuta tena, nusura akae kitako. Lilipotoka, kidole kikajitokeza hadharani, cheupe, chenye aibu, katikati ya nchi ya makauboi.

Hakuna aliyecheka. Tolliver, ambaye katika maisha yake ya kazi hajawahi kufanya kitu kisichoandikwa, alikitazama kidole kile. Halafu polepole alivua kofia yake na kuufunika mguu, si uso. Lyle hakujua afanye nini, akafa.

Alipofufuka aliomba warudie. Alieleza kwamba soksi ni yake, si ya jambazi, na kwamba ana nzuri nyumbani, Nadine anaweza kuzileta kwa gari. Kessler alikuwa anafuta miwani kwa shati.

"Kumpiga mtu risasi kila sherifu anaweza," alisema. "Watu watakumbuka hiki kidole. Hatukigusi."

"Ndicho ninachoogopa, bwana," Lyle akasema.

Kipindi kilirushwa wakati wa baridi. Lyle na mkewe walikitazama wawili, sahani mapajani. Kofia ilipofunika mguu, Nadine aliweka uma chini, macho yamejaa. Kisha akasema, "Soksi hiyo naijua. Ungenipa ningeitia viraka, Lyle. Nchi nzima inadhani huna mke."

Kesho yake mwuza mboga alimtazama viatu kabla ya kumtazama uso. Wiki iliyofuata vifurushi vilianza kumiminika studio: soksi za sufu kutoka Nebraska, soksi za mabibi wa makanisa ya Ohio, zimefumwa kwa mkono, zote kwa jina la yule kijana aliyemwahidi mama yake. Magazeti yalimsifu Kessler kwa ujasiri, na Tolliver kwa wazo la kofia.

Simu ya Lyle ikanyamaza. Aliinua kisikilizio mara kwa mara kuhakikisha kwamba simu ni nzima, halafu akakirudisha upesi, asije akamzuia mtu anayepiga. Mwishowe alipiga mwenyewe.

"Siwezi kukuua tena, mpenzi," Bi. Fogel alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha zaidi. "Ukitokea mlangoni tu, watu wote watatazama miguu. Ngoja wakusahau."

Alingoja. Alifuga sharubu, akazinyoa. Usiku alijilaza akijizoeza kutofanana na mtu yeyote.

Masika yalipoanza simu ililia. Kulikuwa na kazi: maiti chini ya blanketi, mbele ya ofisi ya sherifu mwingine. Uso hauonekani. Zinaonekana buti tu.

"Zitavuliwa?" Lyle aliuliza.

"Hazivuliwi. Nimeuliza."

Hata hivyo alivaa soksi mpya za Nebraska, jozi mbili, moja juu ya nyingine, na miguu ikamwaka moto. Chini ya blanketi alisikia farasi wakipita, sherifu akisema sentensi nzuri, kisha mwongozaji, kijana mgeni, akiridhika.

"Huyo mfu amelala vizuri," kijana alisema. "Anaitwa nani?"

Lyle alizuia pumzi. Mtu mmoja akajibu kwamba hajui, na mwingine akaita watu wakanywe kahawa.