Mkia wa Ngata ni wa Bibi

Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa ngata. Ndiyo, kile kiduara cha kutuliza ndoo kichwani. Wenzangu wa darasa la ushonaji, pale Kaloleni, walishona magauni ya sendofu na makoti. Mimi nikashona ngata ya turubai, ndani sponji, na mkia mrefu unaozunguka mzigo na kufungwa kwa bizimu, kama la mkanda, ili usiteleze. Nilishaota kinamama wote wa ndizi mjini wameivaa. Kuota hakulipiwi.

Shida ni kwamba ule mkia haukuwa wangu. Bibi yangu wa Nkoaranga husokota ngata kwa majani makavu ya mgomba, na yake huwa na mkia, maana njia za kule ni mteremko mtupu. Na mwalimu alishatuonya: kazi ikiwa si yako, cheti sahau. Kuna kaka alikataliwa shati lake kwa sababu mtindo aliutoa kwenye simu.

"Nyamaza tu, shoga," akaniambia jirani yangu wa cherehani. "Nani atajua? Bibi atakuja kukushtaki?"

"Nitajua mimi."

"Haya, baki na kujua kwako, sisi tubaki na vyeti."

Nilicheka, lakini moyo haukutulia. Jumamosi nikapanda kwa bibi. Kwetu hata chipukizi la mgomba huling'oi shambani kwa mtu bila kuomba, hata awe mama yako. Nikamkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba."

"Marahaba. Kama ni mbivu, hakuna."

"Naomba mkia wa ngata yako."

Akacheka mpaka kisu kikamtoka. "Ngata nilifundishwa na mama mkwe, naye alifundishwa. Hiyo ni ya wote. Mkia ndio wangu. Nilimwaga maziwa pale korongoni, nikasema hayatamwagika tena. Chukua, mjukuu wangu. Ila usiseme umeokota."

Siku ya kuonyesha kazi, walimu wakakaa mstari mbele yetu.

"Wazo ni lako?" mwalimu akauliza.

"Ngata ni ya kinamama wote wa Meru. Mkia ni wa bibi yangu, nilimwomba akanipa. Turubai, sponji na bizimu la kurefusha mkia, hivyo ni vyangu."

Jirani yangu akajifunika uso kwa gauni lake.

"Kwa hiyo tukupe maksi za bizimu?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi machozi yangu yako karibu, nusura yatoke. Badala yake nikaomba ndoo ya maji, nikajitwika juu ya ngata, nikafunga mkia, nikapanda ngazi mpaka juu na kushuka huku nikiwapungia mikono yote miwili. Halikumwagika hata tone!

Mwalimu akainuka, akaigeuza ngata, akavuta bizimu. "Huyu anajua chake kinaanzia wapi," akawaambia wenzake. "Hicho ndicho nilichouliza." Akanipitisha, kwa sharti kwamba kila ngata nitakayouza iwe na lebo yenye jina la bibi kando ya langu.

Zamu ya jirani yangu ikafika. Akasimama na gauni lake, akashika kola.

"Mwalimu, kola hii ni ya shangazi yangu wa Moshono. Sijamwomba bado. Naomba nimpigie sasa hivi."

Nikapiga kigelegele peke yangu. Darasa zima likaitikia.