Vumbi la Viatu vya Chapuchapu

"Shangazi, unamchungulia nani?"

Mtoto wa kaka yake alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Shule zilikuwa zimefungwa, akaletwa kushinda ofisini mpakani. Shangazi alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, jicho kwenye upenyo wa ukuta wa mbao. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Naangalia kama mvua inakuja."

Nje jua lilikuwa linawaka mpaka turubai za malori zinanuka.

Shangazi alikuwa wakala wa forodha. Kazi yake ni kuandika hati za mzigo wa mteja, kuzipeleka kwa maofisa, kisha kungoja lori livuke. Chumba cha pili alikaa wakala mwingine, aliyesoma naye darasa moja, ambaye madereva walimbatiza Chapuchapu. Malori ya Chapuchapu yakifika asubuhi, mchana yameshavuka. Ya Shangazi yalivutwa pembeni kukaguliwa, yakalala siku mbili, tatu, hadi madereva wakafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni.

Jambo hilo lilimkaa Shangazi kooni. Chapuchapu akicheka kwenye simu, Shangazi chai haishuki. Lori la Chapuchapu likivuka, dirisha la Shangazi linafungwa kwa kishindo.

"Lazima kuna mtu anambeba huko ndani," alimwambia dereva wake. "Hivi hivi tu? Na vile viatu vyake vimejaa vumbi, utadhani katoka kulima!"

"Labda ana bahati, mama."

"Bahati gani ya kila siku? Kunywa chai yako."

Wakati huo alikuwa amebakiwa na mteja mmoja mkubwa, kiwanda cha juisi, nacho kilikuwa kimeshamwonya: mzigo ukichelewa tena, tunahama. Ndipo likaja lori lao la vifuniko vya chupa. Asubuhi hiyohiyo, kwenye mashine ya kuchapia waliyotumia wote koridoni, Shangazi akakuta hati ya Chapuchapu imesahauliwa. Vifuniko vya chupa! Na namba ya bidhaa hii hapa, ile inayowaambia watu wa forodha mzigo ni kitu gani na ushuru wake upi. Kumbe siri yenyewe ndiyo hii! Aliinakili tarakimu kwa tarakimu, akairudisha karatasi ilivyokuwa, akaenda kaunta anatembea kama bibi harusi.

Ofisa alifungua lori, akachomoa kifuniko kimoja, akakiminya kwa dole gumba. Kikabonyea.

"Mama, namba uliyoandika ni ya vifuniko vya bati. Hii ni bati?"

Vya Chapuchapu vilikuwa vya bati. Vya Shangazi vilikuwa vya plastiki, na hakuwa amefungua hata katoni moja kuvitazama. Ikaamriwa mzigo wote ushushwe, katoni mia tisa, zihesabiwe moja moja. Mkuu wa stoo wa kiwanda akapiga simu: "Matangi yamejaa juisi, mashine zimesimama, watu wamekaa wanapiga soga. Vifuniko viko wapi?"

Chapuchapu akatoka chumbani kwake, mikono ya blauzi ameshaikunja. "Dada, mimi nihesabu upande huu, wewe ule? Tutamaliza leo."

"Asante. Najiweza."

Alijiweza siku tatu. Siku ya nne kiwanda kikahamia mlango wa pili, kwa Chapuchapu.

Sasa yule mtoto yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alimkuta shangazi yake kwenye uwanja wa malori, kapanda nyuma ya lori la mteja mpya, katoni ziko wazi, anaandika huku anahema. Viatu vyake, kwa vumbi, havijulikani ni vyeusi au vya kahawia. Akamkumbusha ile mvua.

Shangazi akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

"Nilikuwa namchungulia yule pale. Miaka sita, mwanangu! Karatasi zake nimezitazama, simu zake nimezisikiliza, anacheka na nani najua. Ila viatu niliishia kuvicheka, sikujiuliza vumbi lile linatoka wapi."

Lori la kiwanda cha juisi likapiga honi, likavuka. Akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

"Na lile lori bado linaniuma. Usije ukamwambia."