Sentensi Sahihi

Robota la mitumba likifunguliwa hapa sokoni Nyakato, ile harufu ya dawa na vumbi ikinipanda puani, namwona mwalimu wetu wa Kiswahili amesimama ubaoni, kavaa gauni la maua ya njano.

Miaka hiyo nasoma, mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa, na mama yangu alikuwa anaiuza. Gauni lile lilikuwa limechanika kwapani, tukalifanya dekio la sakafu, mpaka mwalimu alipokuja kumwomba mama nguo yoyote ya kuvaa kazini; mama akalifua, akalishona, akampa.

Siku aliyolivaa darasani akasema, "Tungeni sentensi kwa neno gauni."

Mimi nilikuwaga wa kwanza kunyoosha mkono.

"Gauni la mwalimu lilikuwa dekio la kwetu."

Darasa zima lilicheka, wengine wakapiga madawati. Yeye aliiandika sentensi yangu ubaoni, neno kwa neno, kwa mwandiko wake mzuri, akaiwekea alama ya vema. Kisha akaweka chaki chini, akatoka.

Hakurudi tena kufundisha. Wiki iliyofuata nilimkuta sokoni, anapanga nguo kando ya mama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ila usiniite mwalimu hapa, utanifukuzia wateja."