Mawimbi ya Kiambere

Nilitoka Karurumo kwa sababu ya pazia. Ukutani mwa studio yangu ya picha nilikuwa nimetundika kitambaa nilichokichorea bahari mwenyewe, na maharusi walipenda kusimama mbele yake. Siku moja mteja aliyewahi kufanya kazi Mombasa alikitazama, akaniuliza kama yale yalikuwa matuta ya viazi. Ilinichoma. Pwani ilikuwa mbali, lakini shangazi yangu Ciarunji alikuwa ameolewa Kiambere, kando ya ziwa la bwawa la umeme. Nikatia filamu kwenye kamera.

Kutoka Embu nilibebwa na lori la nafaka. Kahawa na migomba ikaisha, miti ya miiba ikaanza, joto likapanda. Ulikuwa mwaka ule wa mvua ya El Nino, na maji yalikuwa yamekata barabara. Tulishuka kusukuma hadi viatu vikawa vizito kwa matope.

Jioni shangazi alinipokea kwa uji. Nikamwambia nimekuja kupiga picha ya wimbi.

"Wimbi?" akashangaa. "Si iko hapo kwa gunia?"

Tulicheka mpaka uji wenyewe, wa nafaka hiyo ya wimbi, ukapoa.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama maziwa kwenye kibuyu. Nilikaa ufukweni nikijuta. Kisha, jua lilipopita utosi, upepo ukavuka kutoka upande wa Ukambani, maji yakabadilika rangi, na mlima mzima wa maji ukaja kujipigiza kwenye mwamba mbele yangu. Niliuhisi mshindo kifuani kabla ya kuusikia. Povu likapanda juu ya miti, likasimama, likaanguka. Mwingine ukafuata. Nilisahau kwamba nina kamera. Yule mteja alikuwa amesema kweli.

Nilipozinduka nilipiga picha mfululizo, na nilipokuwa nimebakiza moja tu, shangazi alikuja akasimama kando yangu, leso imemganda mwilini kwa upepo.

"Hilo jiwe linalopigwa," akasema, "nilipoletwa hapa bibi harusi tulianika mavuno juu yake. Bwawa halikuwapo, mto ulikuwa kule chini kabisa. Mvua ikiendelea hivi, halitaonekana tena. Nipigie lenyewe, mwanangu."

Kila nilipoinua kamera, maji yalilifunika. Nikasogea, nikapiga goti. Wimbi likanigonga kiunoni, na nikahisi mkono wa shangazi umenishika shati kwa nyuma. Maji yakarudi nyuma yakivuta changarawe. Jiwe likatokea, jeusi, safi, liking'aa. Nikabonyeza.

Tulipanda kwenda nyumbani tumelowa. Mlangoni akaniambia, "Leo tumeona nguvu za Mungu."

Niliporudi niliosha filamu Embu. Mvua zilipokatika nikateremka tena Kiambere. Jiwe halikuwapo, pale palikuwa maji matupu. Nikamkabidhi shangazi picha mbili, ya jiwe na ya wimbi kubwa kuliko yote, nikitarajia atalia.

Aliitazama ile ya jiwe kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Hili hata nikifumba macho naliona," akasema. "Lakini wimbi kama hili, nikiwasimulia wajukuu bila picha, nani atanisadiki?"

Akaliweka wimbi lake ndani ya Biblia. Ile ya jiwe nimebaki nayo mimi, ambaye sikuwahi kusimama juu yake.