Nilimtafsiria ibada fundi asiyesikia kwa miaka sita, kumbe alikuwa hanielewi

Wakuu, kwema humu? Wa "Bwana asifiwe" nawasalimu, na wasio wa huko nawasalimu vilevile.

Haya yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Naandika kwa sababu kichwa changu bado hakijatulia.

Mimi ni mtu wa Marangu. Nina duka la zipu, vifungo na nyuzi Kariakoo, upande wa Msimbazi.

Kati ya wateja wangu yupo fundi cherehani mmoja, nimwite Elibariki. Ana kibaraza chake cha kushonea hapo jirani, mtaa wa Mchafukoge. Hasikii wala haongei. Tulikuwa tunaelewana kwa kuandikiana kwenye vipande vya maboksi.

Siku moja akaandika: "Kanisani kwenu kuna mtu wa lugha ya alama?"

Hakukuwa na mtu. Nikamwambia aje hivyo hivyo.

Akaja. Akakaa benchi la pili, saa mbili nzima anaangalia midomo ya watu. Watu wakicheka, anageuka kutafuta wanacheka nini.

Aisee, kile kitu kilinichoma.

Nikatafuta dada mmoja Magomeni anayefundisha alama. Kila Jumamosi mchana nafunga duka mapema naenda. (Wife akahisi nina mchepuko, ikabidi siku moja nimbebe twende wote akajionee.) Baada ya miezi mitano nikaanza kusimama pembeni ya mimbari, namtafsiria.

Miaka sita wakuu. Malaria nipo. Mvua nipo. Msimu wa Krismasi, Kariakoo hapapitiki na wateja wamejaa, mimi Jumapili nipo. Fundi naye yupo benchi la pili, macho kwangu, anatikisa kichwa. Nikitoka pale najiona kweli namtumikia Mungu.

Sasa mwaka huu kanisa likaanza kurusha ibada live mtandaoni. Mzee wa kanisa mmoja akaniita nje baada ya ibada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, pale unaposimama unaziba kamera. Sogea kule kwenye nguzo. Si ni mtu mmoja tu?"

Nikasogea. Iliniuma lakini nikasogea. Fundi akawa anapinda shingo ibada nzima kuniona.

Jumapili mbili hivyo. Ya tatu hakuja. Nikamtumia meseji, akajibu "Nipo salama", basi.

Ya nne hakuja tena. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Nikae au nisimame?

Nikasimama. Nikatafsiri mahubiri mwanzo mwisho, hakuna anayeniangalia isipokuwa watoto waliokuwa wanacheka. Mama mmoja wa kwaya akaja kuniuliza kama naumwa.

Nyumbani mke wangu akaniambia, "Baba Glory, hebu niambie ukweli. Pale ulikuwa unamtumikia Mungu au unamkomoa yule mzee?"

Mpaka leo sina uhakika.

Kesho yake mchana nikamfuata fundi Mchafukoge. Nikamkuta na mkewe, ambaye naye hasikii. Wanapiga stori kwa mikono, kasi, wanacheka mpaka machozi.

Wakuu, nilisimama pale sikuambulia hata neno moja. Mimi, mkalimani!

Nikamuuliza mbona haji. Akachukua kipande cha boksi, akaandika: "Wamekuhamisha kwa sababu yangu. Nikiacha kuja, utakaa na familia yako kwa heshima."

Nikaandika: "Na mahubiri je?"

Akamwangalia mkewe. Kisha akaandika taratibu: "Nilikuwa nashika kidogo sana. Alama zako nyingi siyo tulizokulia sisi. Ile unayosema ni NEEMA, kwetu ni SABUNI."

Nikatafuta kigoda cha wateja nikakaa.

Yaani miaka sita nimemwambia binadamu mwenzangu kwamba tumeokolewa kwa sabuni!

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaandika: "Ulikuwa unatoka jasho. Biblia naisoma nyumbani. Kanisani nilikuwa nakuja kukuona wewe. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kujifunza kitu kwa ajili yangu."

Nilirudi dukani siko sawa. Mteja kaomba zipu nyeusi, nampa nyeupe. Nilijisikia aibu, halafu hasira, halafu nikawa sijui nimkasirikie nani. Kwa hiyo nilikuwa namhudumia, au yeye ndiye alikuwa ananivumilia? Mungu naye alikuwa anatazama tu?

Wiki nzima niliwaza kuacha. Kilichonirudisha si imani kubwa, nisiwadanganye. Ni kwamba nilijiuliza nikiacha nani atasimama pale, nikakosa jina.

Nikarudi kibarazani, nikamwomba anifundishe upya. Akacheka sana. Tukawa tunakutana muda wa chakula cha mchana. Nikikosea ananichapa vidole na utepe wa kupimia. Mkewe alikuwa mkali kuliko yeye.

Baadaye akarudi kanisani. Safari hii alikaa karibu na nguzo. Nikikosea anainua mkono katikati ya mahubiri, ananisahihisha, tunaendelea. Mchungaji ameshazoea.

Jumapili iliyopita, muda wa shuhuda, fundi akasimama.

Nilishtuka. Miaka yote hiyo nilikuwa namwambia yeye maneno ya wengine. Haikuwahi kunijia kwamba naye ana la kusema.

Akaenda mbele, akasimama katikati kabisa, mbele ya kamera. Akaniita nije. Akaongea kwa mikono, taratibu ili nimfuate, na mimi nikawa sauti yake.

"Anasema anaitwa Elibariki. Anasema amesali na sisi miaka sita. Anasema sura zenu anazijua zote, mpaka nani kanyoa na nani kanenepa."

Watu wakacheka. Safari hii naye akacheka nao.

"Anasema majina yenu hayajui. Anaomba mkitoka, kila mmoja amwandikie jina lake."

Akatoa daftari la shule kwenye koti, akalifungua ukurasa wa kwanza.

Ibada ilipoisha, foleni ilianzia kwenye nguzo ikafika mlangoni. Yule mzee wa kanisa alikuwamo. Alivaa miwani, akaandika majina yake matatu yote.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuvumilia miaka mingi kwenye huduma kwa moyo safi, na bado asimuulize anayemhudumia kama anaelewa. Kuvumilia peke yake hakutoshi, inabidi ukubali kusahihishwa.

Ila ile miaka sita sijui niiweke wapi. Inahesabika mbele za Mungu, au nilikuwa najifurahisha?

Wenye uzoefu wa huduma nisaidieni. Na wasio na dini pia semeni, sitanuna.