Kilatini Kwenye Ulimi wa Mkalimani

Mkalimani wa mahakama yetu hapa Kitui husimama bega kwa bega na shahidi, na kila akisikia Kilatini hufumba macho kidogo, kama anayeonja uji wa moto. Jana, katika kesi ya mjane Kavutha na shemeji yake anayetaka kumwondoa shambani, hakimu aliamuru: "Status quo idumishwe." Mjane alidhani amefukuzwa. Mkalimani alimwinamia, akasema kwa Kikamba, polepole: "Mwaitu, mama yangu, shamba libaki lilivyo leo. Lima, vuna, lala kwako, mpaka kesi iishe."

"Na shemeji?"

"Abaki ng'ambo ya ua."

Mjane alicheka, akakaza leso yake.

"Maneno mawili tu yamekuwa marefu hivyo?" wakili mmoja akatania.

Mkalimani alinyoosha mgongo. "Yalikuwa yamebeba shamba zima, wakili."