Kitabu cha Baba Kwenye Droo ya Mwalimu

Sisi tuliosoma shule ya msingi pale Ufukoni miaka ya tisini, riwaya ya upelelezi ilitufikia ikiwa imeshapita mikono ishirini. Vilikuwa vitabu vyembamba vya kuingia mfuko wa shati, karatasi rangi ya chai, na jaladani mwanamume mwenye bastola na mwanamke wa gauni jekundu. Vilikuja na meli kutoka Dar, vikazunguka mji mzima hadi majalada yakang'oka, wenyewe wakayabandika kwa utomvu wa mkorosho. Hadi leo nikiisikia harufu ya utomvu ule, moyo unanienda mbio kana kwamba kuna mtu ananifuatilia.

Baba yangu, karani wa bandarini aliyehamishiwa Mtwara kutoka Iringa, alivipenda kupita kiasi. Mama hakutaka hata kuviona. "Vitabu vya majambazi hivyo," alikuwa akisema, "mtoto wa kike vitamfundisha nini?" Vilinifundisha kusoma haraka, maana nilivisoma kwa kujificha.

Nikiwa darasa la sita nilichomoa kimoja chini ya mto wa baba, nikaenda nacho shuleni, nikakifunika kwa daftari la hisabati. Nilifika mahali mpelelezi amefungiwa stoo, moshi unaingia chini ya mlango, wala sikumsikia Mwalimu Nambunga akija. Alikichukua, akaondoka nacho. Jioni baba akapekua kitanda kizima. Alikuwa amebakiza kurasa kumi tu! Nililia, nikasema ukweli.

Asubuhi alinishika mkono hadi ofisi ya walimu. Njia nzima niliwaza fimbo: za mwalimu, kisha za baba. Mwalimu Nambunga alipotuona alifungua droo, akatoa kitabu. Karibu na mwisho palikuwa na kipande cha chaki, cha kushikia ukurasa.

"Samahani, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Nimebakiza kidogo sana."

Baba alimtazama. "Unamshuku nani, mwalimu?"

"Dereva."

"Dereva wapi! Mjane yule."

Hapo nikasahau woga. "Ni daktari," nikasema. "Alidai hajawahi kufika nyumba ile, lakini alimwita mbwa kwa jina."

Wote wawili wakanigeukia. Mwalimu akavuta kiti, baba akakaa kwenye benchi, na kurasa zile zikasomwa kwa sauti huku mimi nimesimama mlangoni. Kengele ilichelewa kidogo siku ile. Alikuwa daktari kweli. Baba alijipiga paja, akacheka hadi miwani ikamshuka puani. Fimbo hakuna aliyeikumbuka.

"Ila darasani kwangu," mwalimu aliniambia, "hisabati ni hisabati."

Tangu hapo baba alinipa kila kitabu nikisome kwanza, kisha wakati wa chakula ananiuliza, "Haya, nani?" Mama alijifanya hasikii. Siku moja akamtaja muuaji kabla yetu sote, akaendelea kupakua ugali.

Siku hizi wanangu wanatazama filamu za upelelezi kwenye simu. Wakichoka kungoja, wanasogeza mbele kwa kidole, wanamwona muuaji, wanazima. Wana visa vingi kuliko sisi tulivyoota, wala siwalaumu. Ila nawaonea huruma kidogo: hawajui utamu wa kumshuku mtu asiye na kosa wiki nzima, kisha kumwomba radhi kimoyomoyo kwenye ukurasa wa mwisho.